Tembo Wanne Walichemsha, Wapagazi Wakafika: Somo la Begi la Kambi Kutoka Katavi

Wikendi ndefu ikikaribia, magrupu ya WhatsApp yanajaa swali lile lile: begi gani la kwenda nalo kambi? Lita 40 au 60? La dukani au la mtumba? Wengi wanaangalia rangi kwanza, na jinsi litakavyotoka kwenye picha. Siku ya pili ya kutembea mabega yanawaka moto, na begi lililopendeza kwenye status linabebwa na rafiki.

Wapo watu waliolijibu swali hili kwa miili yao zaidi ya miaka 140 iliyopita, kwenye ardhi ambayo leo ni Mkoa wa Katavi. Hawana sanamu, na majina ya wengi wao hayakuandikwa popote. Ni wapagazi.

Njia ya Karema

Karne ya 19, Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Watu walitoka Bagamoyo, wakakatiza Ugogo hadi Tabora. Kutoka hapo wengine walielekea Ujiji, na wengine wakashika kusini-magharibi kupitia Ukonongo na Mpimbwe hadi Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Kipande hicho cha mwisho ndiyo Katavi ya leo. Kwenda, walibeba vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na nyaya. Kurudi, pembe za ndovu.

Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama kilo 27 mpaka 32. Hapo hujaweka chakula chake, kirago cha kulalia, sufuria na silaha. Na ukweli usifichwe: baadhi ya waliobeba pembe walikuwa mateka waliofungwa minyororo. Lakini wapagazi wengi, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru wanaofanya kazi ya malipo. Kijana alienda pwani na kurudi akiwa mtu wa kuheshimika. Wakidhulumiwa posho, au wakiona mzigo umezidi, waligoma au waliondoka usiku wakamwacha bosi na marobota yake porini.

Walivyofunga mzigo

Hapa ndipo walipokuwa wataalamu. Robota la kitambaa halikufungwa ovyo kama fuko la viazi. Lilikunjwa likawa refu na jembamba, likafunikwa mkeka, halafu likabanwa kwa fito mbili tatu zilizomenywa na kulainishwa. Upande mmoja fito zilitokeza na kufanya panda. Wakipumzika, panda inachomekwa ardhini na robota linaegemezwa mtini. Kitambaa hakigusi tope, na mbebaji akitaka kuondoka analiingiza begani bila kuinama mpaka chini.

Nyaya zilifungwa ncha mbili za mti, uzito ukagawanyika mbele na nyuma. Huo ndio mzega. Aliyebeba kichwani aliweka ngata ya majani au kitambaa, mzigo usimchimbe. Hizo fito za robota ni fremu. Ile panda ni stendi. Ngata ni ile sponji ambayo leo unaiona kwenye mikanda ya begi la bei mbaya.

Mfalme alipoleta tembo

Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alitaka kituo cha watu wake Karema, na kikaanzishwa mwaka 1879. Shida ilikuwa usafiri. Ng'ombe, farasi na punda walikuwa wanaangushwa na mbung'o njiani. Kwa hiyo mwaka huo huo wakaletwa tembo wanne kutoka India, wakashushwa Msasani. Ndiyo, Msasani hii hii ya Dar. Aliyewaongoza aliitwa Carter. Mpango ulikuwa tembo wabebe mizigo mpaka ziwani, kisha wasaidie kufuga tembo wa huku nao wafundishwe kazi.

Haikwenda hivyo. Tembo walikufa njiani, na sio wote waliofika Karema. Juni 1880, Carter akiwa anarudi kuelekea pwani, yeye na mwenzake Cadenhead waliuawa Mpimbwe katika vita vya wakati wa Mtemi Mirambo. Mradi ukaishia hapo. Mizigo ya Karema ikaendelea kufika kwa njia ile ile ya zamani: mabega ya watu.

Jina la Carter limo vitabuni. Wapo hata walioandika majina ya tembo wake. Wapagazi waliotembea nao tangu pwani wametajwa kwa idadi tu. Hata mwili wa Livingstone, uliobebwa mpaka Bagamoyo baada ya kufariki mwaka 1873, watu wanawakumbuka Susi na Chuma, lakini wenzao wengi hakuna anayewajua.

Na kama begi lako umelinunua Kariakoo, basi umesimama juu ya historia hiyo hiyo. Jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita hivyo hapa Afrika Mashariki, wengi kwa maradhi na njaa, sio kwa risasi.

Sasa begi lako

Tuseme unaenda Mpanda, unalala Sitalike pale mlangoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Ndani ya hifadhi hutembei kwa miguu bila askari mwenye silaha, kwa hiyo utafuata mwendo wa kundi. Zingatia haya:

*Uzito.* Begi lenyewe tupu lisizidi kilo moja na nusu au mbili. Likijaa, lisipite moja ya tano ya uzito wako. Una kilo 60? Mwisho kilo 12. Kumbuka lita moja ya maji ni kilo moja, na kiangazi cha Katavi, Juni mpaka Oktoba, maji huyakwepi.

*Nyonga.* Mkanda wa kiunoni sio urembo. Ukikazwa juu ya mifupa ya nyonga, sehemu kubwa ya uzito inahama kutoka mabegani. Begi lisilo na mkanda huo, liache liwe la chuo.

*Urefu wa mgongo.* Pima kutoka kwenye mfupa wa shingo hadi usawa wa nyonga. Mtu mrefu anaweza kuwa na mgongo mfupi. Lijaribu dukani likiwa na mzigo ndani, sio tupu.

*Upangaji.* Vizito viwe katikati, karibu na mgongo. Begi la kulalia liwe chini, jaketi juu.

*Rangi.* Epuka bluu na nyeusi. Mbung'o wanavutwa na rangi hizo, ndiyo maana hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi. Chukua kaki au kijani kilichopauka.

Na ukishindwa kabisa, lipa mtu akusaidie, sio dhambi. Kilimanjaro leo mpagazi amewekewa kikomo cha kilo 20 za mzigo wa mgeni. Wale wa njia ya Karema hawakuwa na mizani wala kanuni, walikuwa na mgomo tu. Kwa hiyo kabla hujamkabidhi mtu begi, lipime, punguza yasiyo ya lazima, kisha muulize jina lake. Picha ukiiposti, mtaje.