Kunradhi: Neno na Asili Yake

Ukimkanyaga mtu sokoni wasema "kunradhi" ukaenda zako. Jibu hulingoji. Hebu leo tulitazame neno hili, maana lina uzito kuliko tunavyolichukulia.

Kunradhi ni maneno mawili ya Kiarabu yaliyoshikana. La kwanza ni kun, yaani "kuwa", amri ile ambayo kila mtoto wa chuoni aijua kutoka mwisho wa Sura Yasin. La pili ni radhi, mwenye kuridhika. Herufi yake ni dhadi, ambayo ndimi zetu za pwani ziliipokea kwa dh, kama katika Ramadhani, kadhi na ardhi. Basi asemaye kunradhi amwambia mwenzake: kuwa mwenye kuridhika. Ikitoka kwa Mola, kun ni amri. Ikitoka kwetu sisi, ni ombi tu.

Sasa lilinganishe na samahani. Hilo nalo asili yake ni Kiarabu, na ile "ni" ya mwisho ni mimi: nisamehe. Msemaji ajiombea nafsi yake, afutiwe kosa. Katika kunradhi mimi sikutajwa kabisa. Anayetajwa ni yule aliyeudhika, na kinachotakwa ni moyo wake upoe. Mtu aweza kukusamehe, na asiwe radhi nawe.

Radhi si neno dogo katika dini yetu. Masahaba walipofungamana na Mtume (S.A.W.) chini ya mti pale Hudaibiya, mwaka wa 6 wa Hijra (628), Mwenyezi Mungu aliwawia radhi, kama ilivyo katika Sura Al-Fat-h, aya ya 18, na kwa hivyo huitwa Baiatu Ridhwan. Hata herufi hizi R.A. tuziandikazo baada ya majina yao ni neno hilo hilo: Mwenyezi Mungu awe radhi naye.

Imam Muslim amepokea kisa ambacho hupenda kuwasomesha wanafunzi wangu. Abu Sufyan aliwapitia Salman, Suhaib na Bilal (R.A.), wakasema neno kali juu yake. Sayyidna Abubakar (R.A.) akawakemea: vipi mwamsema hivyo mkubwa wa Makureshi? Alipomweleza Mtume (S.A.W.), aliambiwa kuwa huenda amewaudhi, na kama amewaudhi wao basi amemuudhi Mola wake. Watazame ni nani hao: watu waliopitia utumwa. Abubakar hakutuma mtu. Alikwenda mwenyewe, akawaita ndugu zake, akawauliza kama amewaudhi. Kisha akangoja. Wakamwambia la, wakamwombea maghufira.

Wazee wetu wa pwani waliyajua haya. Mwana Kupona binti Mshamu, katika utendi aliomtungia bintiye mwaka 1858, alizihesabu radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Tena ameeleza kuwa mumewe alipofikwa na faradhi ya mauti alimkariria radhi yake, na moyo wake ukatua. Bibi yule aliingoja itoke katika ulimi wa mwenye nayo.

Nami nina langu la kukiri. Miaka mingi nyuma nilimchapa mwanafunzi kwa ajili ya juzuu iliyopotea. Jioni ile niliiona juu ya kabati langu mwenyewe. Kesho yake nilimwambia "kunradhi" hali nimesimama mlangoni, nikaendelea na darasa. Tulipokutana mazikoni, yeye sasa mtu mzima mwenye watoto, alinibusu mkono kwa adabu. Nikamwuliza kama aikumbuka ile juzuu. Akanyamaza. Nikamvuta barazani, tukakaa, nikalisema tena lile neno, na mara hii nikangoja.

"Nilikwambia si mimi, maalimu," akasema.

"Ulinambia."

Akatazama chini kitambo. Kisha akasema, "Niko radhi."