Thamani ya Mpigapicha wa Hafla: Mfano wa Capital Art Studio, Zanzibar

Insha hii inajenga hoja kwamba thamani ya kibiashara ya mpigapicha mweledi haiishii kwenye malipo ya siku ya hafla. Ranchhod Oza, aliyejifunza kazi katika studio ya A. C. Gomes, alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, akawa pia mpigapicha wa Sultani. Mteja alilipia ustadi na uhakika, kwa kuwa arusi au gwaride halirudiwi ili kusahihisha picha iliyoharibika. Hata hivyo, faida ya kudumu ilitokana na kutunza filamu baada ya picha kukabidhiwa. Mapinduzi ya Januari 1964 yalimwondoa Sultani, mteja mwenye hadhi kuliko wote, filamu zikabaki. Mwanawe, Rohit Oza, aliendelea kuuza nakala za picha hizo kwa wageni. Kumbukumbu ikageuka mtaji. Ushahidi huu, lakini, una mpaka wake: studio ilihifadhi zaidi sura za walioweza kulipa. Hafla nyingi za wasio na uwezo zilipita bila picha, na kimya hicho nacho ni sehemu ya historia ya biashara hii.