Kabla Mpaka Haujafungwa: Kufa kwa Safari ya Afrika Mashariki

Mashindano ya magari yaliyoanzishwa mwishoni mwa Mei 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika kana kwamba ni nchi moja. Kiutawala zilikaribia kuwa hivyo: shilingi moja, forodha moja, reli moja, posta moja. Mwaka 1960 yakaitwa East African Safari Rally, na jina hilo likadumu hadi 1974, yalipobaki kuwa Safari Rally tu na njia yake ikajifungia ndani ya Kenya. Maelezo tuliyozoea kusikia yanailaumu siasa: Idi Amin kutwaa madaraka Januari 1971, Mwalimu Nyerere kukataa kuketi naye meza moja, hatimaye Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika na Tanzania kufunga mpaka wake na Kenya mwaka 1977. Maelezo hayo hayaafikiani na tarehe. Mashindano ya kanda yalikoma miaka mitatu kabla mpaka haujafungwa, wakati mashirika ya Jumuiya yangali yakifanya kazi. Ninadai kwamba yalikoma kwa sababu, tangu siku ya kwanza, kanda iliyashiriki bila kuyamiliki.

Ushiriki wenyewe hauna shaka. Hadi 1972, Hannu Mikkola wa Finland na mwenzake Gunnar Palm wa Sweden walipoibuka washindi, hakuna dereva aliyetoka ng'ambo aliyewahi kushinda. Matope ya masika yaliwataka watu walioishi nayo. Mwaka 1963, na tena 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda na msoma ramani wake Chris Rothwell mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda 1973 baada ya familia za Waasia kufukuzwa nchini humo, na baadaye akashinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Lakini wazo lilizaliwa Nairobi, kwa Eric Cecil na wenzake, na uamuzi ukabaki Nairobi. Kampala na Dar es Salaam zilitoa barabara, polisi, madereva na umati wa watazamaji. Hazikuwa na sauti sawa kuhusu njia wala mapato. Uhuru ulipokuja, serikali tatu zilirithi shughuli ambayo mbili kati yake hazikuwa na sababu ya kuilinda.

Atakayepinga atasema kwamba chini ya Amin hakuna muundo wowote ambao ungesalimika. Basi tuutazame mpira wa miguu. Mwaka 1973 Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati lilichezwa Uganda, na mwaka uliofuata likachezwa Tanzania. Miaka yote miwili fainali ilizikutanisha nchi hizo mbili, ambazo majeshi yake yalikuwa yameshagombana mpakani mwaka 1972. Kombe hilo, lenye asili yake katika Kombe la Gossage la 1926, lilivuka uhasama kwa kuwa kila nchi ilikuwa na chama chake na kila moja ilikuwa na zamu ya kuwa mwenyeji. Ni kweli timu huhitaji uwanja mmoja tu, ilhali magari huhitaji maelfu ya kilomita za barabara na ridhaa ya wilaya nyingi. Tofauti hiyo ni kubwa, nami siidharau. Ila inaipa hoja yangu nguvu: shughuli inayohitaji ridhaa nyingi namna hiyo ndiyo iliyohitaji zaidi wenyeji wa kweli katika kila nchi.

Wengine huitaja hadhi ya ubingwa wa dunia, ambao Safari iliingia tangu msimu wake wa kwanza, 1973, kwamba ndiyo iliyolazimisha njia fupi. Sikubali. Katika miaka ya 1980 Safari ya Kenya peke yake bado ilifikia takriban kilomita 5,000. Umbali haukupunguzwa, ulizungushwa ndani ya nchi moja.

Pingamizi zito zaidi ni la kitabaka. Huu ulikuwa mchezo wa walowezi na wafanyabiashara, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 Tanzania ilikuwa na mambo ya maana zaidi ya kugharamia. Nalikubali kwa sehemu kubwa. Hata hivyo, Joginder Singh, mshindi wa 1965, 1974 na 1976, alitokea kwenye gereji, na Mwafrika aliyesimama kandokando ya barabara hakuomba mchezo ufutwe. Alinyimwa nafasi ya kuuendesha. Dawa ya ubaguzi huo ilikuwa kupanua umiliki, si kuuacha Nairobi.

Jumuiya mpya ilianza kazi mwaka 2000, na ubingwa wa dunia ulirejea Kenya mwaka 2021, njia ikizunguka Naivasha. Wanaotamani kuyaona magari yakivuka tena Namanga na Malaba kwa mashindano ya ngazi hiyo wasianze kwa kuchora ramani ya njia. Waanze kwa mkataba: vyama vya nchi husika viwe na kura sawa, uenyeji wa zamu, na mapato yagawanywe kwa kanuni iliyoandikwa.