Kuchomelea nyaya kwa kapasita: stori ilianzia wapi?

Wadau, leo tuweke programu pembeni tuongee vyuma.

Hapa Nangina, karibu na vilima vya Samia, chuma si mgeni. Wahunzi wa Kisamia waliyeyusha mawe ya vilima hivi kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe yaliyouzwa hadi kwa Wajaluo. Enzi za ukoloni yakaja majembe ya viwandani, tanuru zikazimika. Ujuzi ulikaa mikononi mwa mafundi, bila nakala rudufu :-( Ndiyo maana mimi naandika namba zangu.

Sasa kapasita. Miaka ya 1870 kule Philadelphia, Elihu Thomson alimwaga chaji ya chupa za Leyden (babu wa kapasita) kwenye koili. Ncha za nyaya za upande wa pili, zilizokuwa zimegusana tu, zikashikana! Mwaka 1886 akapata hataza ya kuchomelea kwa umeme.

Yetu ni ileile. Kapasita 4 za mikrofaradi 10,000, zikiunganishwa sambamba na kuchajiwa volti 20, zinabeba jouli 8. Chai haichemki kwa hizo, lakini zikimwagwa kwa mpigo mmoja, waya mwembamba unaiva pale penye ukinzani mkubwa, yaani panapogusana. Mhunzi aligonga nyundo. Wewe bana kwa koleo. Risasi ya kulehemu haihitajiki.

Vaa miwani, na ukimaliza toa chaji iliyobaki kwa rezista kabla hujagusa chochote.