Vito na Majina Yake: Maneno ya Kukata na Kung'arisha Mawe, kutoka Pwani hadi Katanga

Msomaji anayekutana na majina ya mawe ya thamani katika maandishi ya kale ya Kiswahili huyakuta karibu yote yamevaa joho la kigeni. Akiki, yakuti, almasi, zumaridi na marijani yalitoka katika Kiarabu. Feruzi ni la Kiajemi. Hata johari, ambalo ni jina la jumla, lilianzia Uajemi likapita Uarabuni kabla ya kufika Lamu na Kilwa. Lakini vitenzi vinavyoieleza kazi yenyewe ya mikono havikupanda jahazi lolote. Kukata, kuchonga, kunoa, kutoboa, kusugua: hivi ni vitenzi vya Kibantu, na ndugu zake husikika mbali sana ndani ya bara. Pale Mswahili anaponoa kisu chake, Mbemba hunola, na tofauti yao ni ile l tu ambayo Kiswahili kimezoea kuiangusha katikati ya irabu.

Majina ni wageni, vitenzi ni wenyeji. Hali hii haikutokea kwa bahati. Imehifadhi ndani yake historia ya biashara ambayo hati chache tu zimeitaja. Makala haya yanakusudia kuifuata historia hiyo kwa njia ya mawe matatu, yaani bilauri, akiki na malakiti, na kuuliza kwa nini nchi iliyolitoa jiwe mara nyingi haikuwa ndiyo iliyolipa jina.

Tuanze na bilauri, kwa kuwa ndilo neno linalosahaulika zaidi. Leo bilauri ni chombo cha kunywea maji, na hakuna anayekihesabu miongoni mwa vito. Hata hivyo asili yake ni neno la Kiarabu linalotaja fuwele angavu ya mawe, jiwe jeupe linalopitisha nuru kama maji yaliyoganda. Mwanachuoni al-Biruni, aliyeandika kitabu juu ya mawe ya thamani katika karne ya 11, alieleza kwamba fuwele hiyo ililetwa Basra kutoka visiwa vya Zanji, na huko Basra ikachongwa vyombo. Zanji ndilo jina ambalo Waarabu waliwapa watu wa pwani ya mashariki ya Afrika na nchi yao. Katika karne hizohizo Misri ya Makhalifa wa Kifatimi ilikuwa na mafundi waliotoboa bonge zima la fuwele hadi likawa birika lenye kuta nyembamba, lililochorwa wanyama na majani. Moja ya mabirika hayo, lenye jina la Khalifa al-Aziz aliyetawala kati ya mwaka 975 na 996, limehifadhiwa hadi leo katika hazina ya Kanisa la Mtakatifu Marko mjini Venice.

Ugumu wa kazi hiyo si wa kudharauliwa. Fuwele ya mawe ni ngumu kuliko chuma cha kisu. Kisu hakiikwaruzi, bali chenyewe ndicho huchakaa. Fundi hana budi kutumia unga wa jiwe lililo gumu zaidi, akiuchanganya na maji au mafuta na kuuzungusha juu ya fuwele kwa gurudumu au keekee, siku baada ya siku. Maarifa hayo yalikuwa Basra na Kairo. Fuwele ilitoka Zanji ikiwa bichi. Jina lilirudi pwani pamoja na vyombo vilivyokwisha kutengenezwa. Baadaye kioo cha kuyeyushwa kilipochukua nafasi ya fuwele, jina likahamia kwenye kioo, na leo mtu anaomba bilauri ya maji bila kujua kwamba anataja jiwe lililopata kusafirishwa kutoka upande wake mwenyewe wa bahari.

Akiki lilisafiri kwa njia nyingine. Jiwe hili jekundu lilichimbwa na kukatwa katika nchi ya Gujarat, upande wa magharibi wa Bara Hindi, na mji wa Khambhat ndio uliokuwa soko na karakana yake kuu. Shanga zake zimefukuliwa katika miji mingi ya kale ya Waswahili. Namna ya kuzitengeneza inastahili kuelezwa. Jiwe lilipashwa moto kwanza, kwa sababu joto huibadilisha rangi ya kahawia ikawa nyekundu. Kisha fundi aliketi mbele ya ncha ya chuma iliyosimikwa ardhini, akaliegemeza jiwe juu yake na kuligonga kwa nyundo ya pembe ya nyati, likimeguka vipande vidogo vidogo hadi lipate umbo. Baada ya hapo lilisuguliwa juu ya jiwe la kunolea. Mwisho shanga nyingi zilitiwa pamoja katika mfuko wa ngozi, zikiwa na maji na unga wa kusugulia, na watu wawili wakauviringisha mfuko huo huku na huko kwa siku nyingi. Shanga zilisuguana zenyewe kwa zenyewe hadi zikang'aa. Wale wanaodhani kwamba pipa la umeme la kung'arishia mawe ni uvumbuzi wa karne ya 20 wangefaa kuukumbuka mfuko wa Khambhat.

Je, watu wa pwani walikaa bure wakisubiri shanga za wengine? Ushahidi wa akiolojia unakanusha. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, na huko Tumbe, kisiwani Pemba, vimeokotwa vigae vingi vya vyungu vyenye mifereji iliyochimbika kwa kusuguliwa. Tumbe peke yake imetoa maelfu. Vigae hivyo vilikuwa vinoo: vipande vya kombe la baharini vilisuguliwa ndani ya mifereji hadi vikawa shanga za mviringo. Kutoboa, kusugua na kulainisha zilikuwa kazi za kila siku pwani katika karne ya 8 na ya 9. Wenyeji walikuwa na mkono na vitenzi vyake. Walichokosa ni ule unga mgumu wa kuyashinda mawe magumu.

Neno msasa linathibitisha jambo hilohilo kwa upande wa mbao. Kabla ya kuwa karatasi ya dukani, msasa ulikuwa mti wenye majani ya kukwaruza, ambayo seremala aliyakausha na kulainishia kazi yake. Wachongaji wa Kongo nao walitumia majani ya namna hiyo juu ya vinyago na viti. Karatasi ya Ulaya ilipofika ilikuta jina linaisubiri.

Sasa tuingie Katanga, nchi ambayo tangu mwaka 2015 imegawanywa kuwa majimbo manne lakini katika vinywa vya watu bado ni moja. Hapa jiwe halikutoka mbali. Malakiti huzaliwa karibu na uso wa ardhi, pale maji ya mvua yanapopita katika miamba yenye shaba na kuacha tabaka juu ya tabaka, moja la kijani kibichi, jingine la kijani kilichokoza hadi kukaribia weusi. Mapombeiro Pedro João Baptista na Amaro José, Waafrika waliotumwa na Wareno kutoka Angola, walipita huku mwaka 1806, na katika shajara yao yametajwa mawe ya kijani juu ya vilima na shaba iliyochimbwa hapo. Wenyeji walikuwa wameifanya kazi hiyo kwa karne nyingi kabla yao. Makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yametoa misalaba midogo ya shaba iliyowekwa juu ya miili ya wafu, nayo ilipata kuwa fedha ya nchi.

Wayeyushaji hao walijulikana kwa Kifaransa kwa jina la « mangeurs de cuivre », wala shaba, na Askofu de Hemptinne aliandika juu yao mwaka 1926. Kula shaba ni kupata riziki kwayo, kama vile mtu anavyokula mshahara. Wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha kuingia ghalani, wanaume walichimba malakiti, wakaichagua na kuisafisha, wakajenga matanuru kwa udongo wa kichuguu, wakavuta mivukuto juu ya makaa mpaka shaba ikatiririka. Malakiti safi ina shaba zaidi ya nusu ya uzito wake, asilimia 57 na ushei. Msiri na Wayeke wake, waliotoka Unyamwezi na kujenga dola lenye makao Bunkeya hadi alipouawa mwezi wa Desemba 1891, waliikuta kazi hiyo inaendelea, nao wakaongeza ufundi wa kuvuta nyaya za shaba.

Wageni kadhaa wamesema kwamba watu wa Katanga hawakuuona uzuri wa jiwe lao kwa sababu hawakuling'arisha. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Kwa mla shaba, thamani ya malakiti haikuwa usoni pake bali tumboni mwake. Tanuru liliyateketeza maua ya jiwe ili lizae msalaba, na msalaba ulioa mke, ulilipa deni, ulimsindikiza maiti. Jiwe lililong'arishwa lisingeweza kufanya hata moja katika hayo. Ndiyo maana hakuna ajabu kwamba jina lililoenea la jiwe lililokatwa ni la Kifaransa, malachite, lenye asili ya Kigiriki. Wagiriki walilipa jiwe hilo jina la mmea wa jamii ileile ya bamia, kwa ajili ya ukijani wa majani yake.

Waliolifanya malakiti kuwa kito cha fahari katika karne ya 19 walikuwa Warusi, kwa jiwe la milima ya Ural. Katika Kasri la Majira ya Baridi mjini Saint Petersburg, chumba kizima kilipambwa kwa nguzo za malakiti baada ya moto wa mwaka 1837. Nguzo hizo si za jiwe tupu. Mafundi walilipasua jiwe kuwa vibao vyembamba vya milimita chache, wakavibandika juu ya kiini cha jiwe jingine wakifuatisha mistari yake, na nyufa wakazijaza kwa gundi iliyochanganywa na unga wa malakiti yenyewe, hata jicho lisione kiungo. Machimbo ya Ural yalipopungukiwa, Katanga ikawa chimbuko kuu la jiwe hilo katika karne ya 20.

Karne hiyo ilileta pia mkata mawe wa namna mpya, asiyekuwa fundi wa mfalme wala wa soko. Unga wa kaborandamu uliotengenezwa kiwandani tangu miaka ya 1890, pamoja na mota ndogo ya umeme, ulimwezesha karani au mwalimu kukata vito nyumbani kwake jioni kwa kujifurahisha. Nchini Marekani burudani hiyo ilienea hata ikapata jarida lake, Lapidary Journal, mwaka 1947. Msumeno wa mpenda mawe huyo ulikuwa na chembe za almasi ukingoni, na katikati ya karne ya 20 Kongo, kwa machimbo ya Kasai, ndiyo iliyokuwa mtoaji mkuu wa almasi za viwandani duniani. Haikuwa vigumu basi mtu wa Ohio kukata jiwe la Katanga kwa jiwe la Kasai, naye asijue kwamba yote mawili ni ya nchi moja.

Mjini Lubumbashi, Likasi na Kolwezi kazi hii si burudani. Mayai, tembo, sahani za majivu, mbao za sataranji na mikufu ya malakiti huuzwa kwa wageni, na familia hula kwayo. Wala shaba wamerudi kwa mlango mwingine. Malakiti ni laini, chini ya chuma cha kisu, na kwa sababu hiyo huwadanganya wanaoanza. Tabaka zake hazilingani kwa ugumu: anayesukuma kwa nguvu huchimba zile laini na kuacha uso wenye matuta. Haipendi joto wala siki. Lakini hatari kubwa iko katika vumbi. Jiwe likisagwa kavu, unga wa kijani wenye shaba, na mara nyingi wenye mchanga wa mwamba ulioshikamana nalo, huingia mapafuni. Maji yanayodondoka juu ya gurudumu huuzuia, tena hulipoza jiwe. Mpenda mawe wa Ulaya huambiwa jambo hili katika ukurasa wa kwanza wa kitabu chake. Kijana wa Katanga anayekaa mbele ya mota bila maji na bila kitambaa puani hana kitabu hicho kwa lugha anayoisoma, na hapa upungufu wa maneno hugeuka kuwa kikohozi.

Vitenzi vya kumwonya vipo tangu vigae vya Tumbe. Lowesha, sugua polepole, badilisha unga kutoka mkavu wa kukwaruza hadi laini kama wa mhogo, maliza juu ya ngozi. Kabla ya hayo yote fundi hulitia jiwe maji, akaligeuzageuza juani kutafuta mwelekeo wa tabaka. Akilipasua kwa kufuata urefu wa tabaka atapata mistari. Akilikata kwa kuukingama atapata macho, duara ndani ya duara. Huchora alama kwa penseli, huwasha mota, na jiwe likishagusa msumeno uamuzi huo haurudi.