Utingo, Juha na Mjinga katika Njia ya Tunduma

Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965, na Zambia kulazimika kuielekea bandari ya Dar es Salaam kwa ajili ya mafuta na shaba yake, Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, iliyo leo katika mkoa wa Songwe ulioanzishwa mwaka 2016, iligeuka mlango wa malori. Na dereva alifuatana na utingo, ambaye wengine humwita taniboi, msaidizi wa kukaza turubai, kulinda shehena usiku, na kuruka chini mlimani ili aweke jiwe nyuma ya gurudumu.

Wasiomjua humdhania juha, jina tulilolipata katika hekaya za Waarabu, au hata mpumbavu, tusi la mtu aliyekosa busara. Ilhali, kwa lugha ya wazee wa pwani, utingo mpya alistahiki kuitwa mjinga tu, neno ambalo zamani lilimwelekea mgeni asiyeyajua mambo ya mji, wala halikuwa aibu ya daima, maana ujinga huondolewa na taalimu. Ndiyo hekima ya methali isemayo kuwa mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani: wako madereva hodari walioanza kwa utingo, wakajifunza usukani kwa kuutazama, basi ni wajibu wetu kumtaja msaidizi kwa heshima.