Wasomi wa Mlimani na Wananchi Waliowasomesha

Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita hivi kabla ya Uhuru, chuo kikuu cha kwanza cha Tanganyika kilifunguliwa ndani ya jengo la chama cha TANU, katika barabara ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiozidi 15, tena shahada yenyewe ilikuwa ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1964 kikahamia nje ya mji, kwenye kilima ambacho kimekipa jina linalotumika hadi leo: Mlimani.

Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere aliwaeleza wasomi deni lao. Aliwafananisha na mtu ambaye kijiji chenye njaa kimempa akiba yote ya chakula, apate nguvu za kwenda mbali kuwatafutia wenzake msaada. Akila, akashiba, asirudi, huyo amewasaliti. Hapakuwa na chumvi katika maneno hayo. Nchi ya wakulima wa jembe la mkono ilikuwa inamlipia kijana mmoja ada, malazi na chakula, wakati watoto wengi wa umri wake hawakuwahi kuliona darasa.

Deni hilo lilidaiwa kwanza kwa sheria. Wahitimu walitakiwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, na kwa muda wa huduma hiyo wakatwe asilimia 60 ya mshahara. Oktoba 22, 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga. Nyerere akawafukuza karibu 400 wakarudi makwao, kisha akapunguza na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wao walirudishwa chuoni baadaye. Tukio hili limesimuliwa mara nyingi kama ugomvi wa baba na wanawe, na kwa maoni yangu limepewa uzito mkubwa kuliko linavyostahili. Amri iliwapeleka vijana kambini. Kilichowaunganisha wasomi na wananchi kwa muda mrefu kilitokana na kazi za wahadhiri na wanafunzi wao ambazo hazikutangazwa sana, nazo ndizo zinazostahili kukumbukwa.

Chukua mwaka 1968. Idara ya Historia, chini ya uongozi wa John Iliffe na Gilbert Gwassa, iliwatuma wanafunzi wake vijijini kukusanya masimulizi ya Vita vya Maji Maji, vya kuwapinga Wajerumani, vya 1905 hadi 1907. Zaidi ya miaka 60 ilikuwa imepita, lakini wazee walioviona vita kwa macho yao bado walikuwepo. Kijana wa shahada ya kwanza aliketi mbele ya babu, akauliza nani alileta maji ya dawa, njia gani ilifuatwa, nani alinyongwa, njaa ilidumu vipi. Hapo chuo kikuu kilimwendea mwananchi kama mwenye elimu, kikakubali kufundishwa naye. Makabrasha ya mradi huo yakawa nguzo ya historia ya vita hivyo. Linaloniuma ni kwamba yaliandikwa kwa Kiingereza. Vitukuu wa wale wazee, kule Kilwa, Liwale na Songea, wanastahili kuyasoma maneno ya babu zao kwa Kiswahili, na kazi hiyo inafaa ifanywe na idara zetu za historia sasa.

Mwaka 1969 wahadhiri wa sheria waliunda Kamati ya Msaada wa Kisheria, ambayo iliwasaidia bila malipo watu wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Huyu kaachishwa kazi, yule kanyimwa urithi, mwingine kahamishwa shambani kwake. Wanafunzi walijifunza sheria kwa kuisikia ikiwaumiza watu. Baadhi ya waliohitimu katika kitivo hicho walikwenda kujenga vyombo vingine vya namna hiyo, kama Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu.

Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo hadi 1975 ilikuwa sehemu ya Chuo, ilifika mbali zaidi kwa idadi. Kampeni yake ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia watu wapatao milioni 2. Wanakijiji walijikusanya kuzunguka redio moja, wakasikiliza kipindi cha wiki hiyo, mwenye kujua kusoma akawasomea wenzake kitabu, kisha mjadala: malaria, kichocho, safura, kuhara. Kikao hakikuishia kwenye maneno. Watu waliamua nani achimbe choo, majani yapi yafyekwe, maji ya kunywa yachemshwe vipi, na vyoo vilichimbwa kwa wingi. Maprofesa wa mjini wasingeweza kuifanya kazi hiyo bila wale viongozi wa vikundi, wengi wao wakulima.

Hata hivyo, redio husema na watu husikiliza. Walimu wa sanaa za maonyesho Mlimani walitaka mkondo uelekee upande wa pili pia. Mapema miaka ya 1980 Penina Muhando, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi walikwenda Malya, Usukumani, bila mchezo wowote mkononi. Walikaa na wanakijiji, wakawauliza ni nini kinachowasumbua. Yaliyotajwa yakachambuliwa pamoja, na wanakijiji wenyewe wakatunga na kuigiza, wakitumia ngoma zao. Baada ya onyesho hapakuwa na kupiga makofi na kutawanyika. Mjadala ulianza palepale uwanjani, mbele ya viongozi, na aliyezoea kunyamaza kikaoni alikuwa tayari amekwishasema kupitia mhusika.

Mwaka 1996 mbinu hiyo iliingia mashuleni kwa jina la Tuseme. Wasichana wa sekondari waliyataja wenyewe yanayowakwamisha, wakayaigiza mbele ya walimu wao, wakapendekeza hatua za kuchukua. Penina Muhando alipokwenda Nairobi kuliongoza FAWE, shirika la kutetea elimu ya wasichana Afrika, Tuseme ilivuka mipaka na kuenea katika nchi nyingine za Afrika. Neno lake la Kiswahili lilisafiri nayo.

Kazi kubwa kuliko zote katika mkondo huu ilihusu ardhi. Januari 1991 Rais Mwinyi alimteua Profesa Issa Shivji wa Kitivo cha Sheria kuongoza Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi. Tume ilizunguka mikoa yote ya Bara na kufanya mikutano ya hadhara 277. Mkulima alisimama, akaeleza shamba lilivyochukuliwa, na maneno yake yakaandikwa. Kutokana na ushahidi huo Tume ilipendekeza ardhi ya kijiji iwe chini ya mkutano mkuu wa kijiji, na miliki ya juu ya ardhi iondolewe mikononi mwa Rais. Sheria mbili za ardhi za mwaka 1999 zilikataa pendekezo hili la pili: ardhi yote ikabaki ya umma chini ya udhamini wa Rais. Shivji na wenzake hawakungoja sheria hizo. Mwaka 1994 walikuwa tayari wameanzisha shirika la HakiArdhi, ambalo limekuwa likiwaelimisha wanavijiji haki zao, ili anayetaka ardhi yao akute mkutano wa kijiji unaojua la kumjibu.